Kichwa cha Kuuza Ndoo

Virpal, aliyetoka Bara Hindi akaishia kuuza ndoo, aliteuliwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa sifa moja: eti hakujua Kiingereza, kwa hiyo angetia saini chochote. Siku ya mwisho ya Gavana kazini, ilibaki saini ya Virpal tu ili sheria ya kuvunja maduka ya Wahindi ipite.

“Tia saini. Garimoshi langu linaondoka saa kumi.”

“Mara moja, Bwana Mkubwa. Nieleze tu neno hili. Kichwa changu ni cha kuuza ndoo.”

Gavana akaeleza. Virpal akauliza la pili, mpaka la arobaini, akijipiga kipaji cha uso kwa aibu. Honi ya garimoshi ikalia. Gavana akatoka mbio, karatasi ikabaki bila saini.

Stesheni, Virpal alimuaga kwa Kiingereza kilichonyooka hata mke wa Gavana akauliza, “Bwana, ulisomea nini?”

“Sheria, Bibi. Nilianguka mtihani, ndiyo maana nauza ndoo.”