Nati za Juu ya Tanuri

Hebu mwoneni juu ya ngazi, spana mkononi, jasho likimwingia machoni. Ni fundi umeme, mwanamke pekee katika jengo zima. Yeye na wenzake wanafunga trei, zile njia za bati zinazobeba nyaya nene chini ya dari, katika kiwanda kipya cha mikate. Za kwake zinapita juu ya matanuri.

Kazi anaijua. Chuma kikipata joto hurefuka, kwa hiyo kati ya trei na trei ameacha mwanya wa kuingia kidole. Na vishikizo vinavyoibeba trei hakuvikaza vyote. Kimoja kinashika barabara, vingine vimelegea kidogo, trei ipate kuteleza.

Wakaja wenzake wanaume kutoka kunywa chai. Mmoja akanyoosha mkono, akaitikisa trei. Ikacheza.

"Dada, hizi nati umezikaza kwa vidole vya kusukia nywele?"

"Nimeiacha ipumue, kaka. Hapo chini kutakuwa na moto, na wewe unajua."

"Ipumue! Kwani ina pumu?"

Wakacheka mpaka aliyekuwa ngazi ya pili akashikilia ukuta asianguke. Kesho yake wakaitikisa tena. Kesho kutwa tena. Za kwao zilicheza vilevile, wala hakuna aliyezigusa! Nyinyi mngevumilia mpaka lini?

Asubuhi moja akapanda akakaza nati zote. Zote, ndugu zangu. Mwanya ukabaki pale pale, unaonekana kwa macho, lakini trei imebanwa huku na huku, itausogeleaje? Wenzake wakaja, wakatikisa, haikucheza.

"Sasa umekuwa fundi," wakamwambia.

Na yeye, jamani, akafurahi.

Siku ya kuwasha matanuri, wanawake wa kukanda unga wakiwa wamesimama chini, trei zikaanza kulia. Ka! Ka! Fundi akainua macho. Trei imejikunja kama mgongo wa paka, na kishikizo kimoja kinachomoka ukutani. Nyaya zile ziwaangukie wale mama?

"Zimeni! Kateni umeme! Tokeni hapo chini, mama zangu, tokeni!"

Wakatoka mbio. Moto ukazimwa, umeme ukakatwa. Akapanda, akalegeza nati moja, akalegeza nyingine, na nyingine. Trei ikateleza, krrr, ikaingia kwenye mwanya wake, ikanyooka. Hakuna aliyekwaruzwa. Hakuna waya uliochubuka. Akakaa juu ya ngazi akicheka na kulia kwa pamoja, na mama mmoja aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi akampazia sauti:

"Shuka unywe maji, mwanangu! Tumepona!"

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme tujifunze kwa huyu dada, tusijikaze kupita kiasi, halafu tuimbe. Sisemi. Kosa lake analijua, na Mungu amemwepusha na madhara yake. Mimi nauliza: ni nani waliokuwa wakitikisa?

Ni sisi. Binti akiingia ibadani na suruali, tunamtikisa. Kijana akikiri kwamba wiki hizi kusali kumemshinda, tunamtikisa tuone kama imani yake inacheza. Mjane akicheka mapema, tunamtikisa. Za kwetu hatuzigusi. Halafu tunasimama hapa mbele ya kanisa letu la chuo tunatangaza kwamba katika nyumba ya Bwana kila mtu ana nafasi. Nafasi gani, ikiwa tumewafanya watu wajibane kila upande ili tuwaite waamini?

Mungu anajua joto tunalopitia, na yeye hakutuumba tusisogee hata kidogo. Mkono unaotutikisa si wake. Kwangu hiyo ni habari njema, na ninaisema kwa furaha.

Kuna mtu hapa amejikaza muhula mzima ili tusimcheke. Legeza, ndugu yangu. Pumua. Na wewe uliyekaa pembeni yake, mikono yako iweke mapajani.