Jina la Mtoto wa Hidaya

Hapo zamani, si ile ya kale sana bali hii ya juzi, palikuwa na mama kijana aitwaye Hidaya. Alikuwa na mimba ya kwanza, tena mwenye haya: mgeni akipiga hodi, yeye hukimbilia jikoni. Lakini kuandika alijua. Alikuwa akiandika hadithi za bibi yake kwenye kishikwambi, azipeleke kwenye mashindano ya redio.

Shida ilikuwa vidole. Kugonga kioo kutwa nzima kulimuumiza. Na mtandao ulipatikana kilimani tu, ng'ambo ya mto.

Wifi yake Zuwena akashuka mjini kumtafutia kibodi ya kugongea herufi, na mkononi mizani ya kupimia tangawizi. Akazipima kibodi zote, duka kwa duka.

Muuzaji akacheka. "Dada, unanunua kibodi au samaki?"

"Nanunua mzigo wa mjamzito. Inayozidi uzito wa maembe mawili, irudishe rafuni!"

Akarudi na iliyo nyepesi kuliko zote. Hidaya akaandika mpaka akamaliza.

Mama mkwe, Bi Mwanakheri, akasema, "Mali haitembei uchi." Akashona kava: nje kanga, katikati sponji ya godoro, ndani nailoni. Mkanda wa begani hakuweka. "Kitu cha thamani hushikwa kwa mikono," akasema.

Siku ya mwisho ya mashindano, Hidaya akavuka mto juu ya gogo pamoja na jirani yake Chausiku, kishikwambi na kibodi vikiwa ndani ya kava. Mara chubwi! Kava ikamponyoka. Haikuzama. Ikaelea, ikaelekea kwenye maporomoko. Chausiku, na kitenge chake kipya, asiyejua kuogelea, akajitosa. Akaidaka, akatoka akikohoa maji.

Walipoifungua, ndani kukavu. Wakapanda kilimani, hadithi ikaenda. Ikasomwa redioni siku ileile Hidaya alipojifungua mtoto wa kike.

Sasa, desturi ya kijiji kile ni hii: aliyemfaa mama kuliko wote wakati wa mimba, mtoto huitwa kwa jina lake. Siku ya saba wakakusanyika.

"Mtoto ni Zuwena," akasema Zuwena. "Bila kibodi yangu kungekuwa na hadithi? Tena ingekuwa nzito, ingezama papo hapo!"

"Ilielea juu ya nini, mwanangu? Juu ya maneno yako?" akauliza Bi Mwanakheri. "Ilielea juu ya sponji yangu."

"Na ingeelea mpaka baharini!" akasema Chausiku. "Nani alikunywa maji ya mto? Mimi!"

"Wewe ndiye uliyemchekesha juu ya gogo hata akaiachia!" akasema Bi Mwanakheri.

"Na nani alimnyima mkanda?" akadakia Zuwena.

Bi Mwanakheri akakohoa. "Na nani alikaa mjini siku tatu anapima kibodi, hata tukafika siku ya mwisho?"

Zuwena akatazama dari.

Hidaya alisikiliza. Akimtaja mmoja, wawili watanuna, na wote watatu anawapenda. Jikoni hapakukimbilika leo. Mtoto alikuwa mapajani. Akamfunua uso. Mtoto akapiga chafya. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Hidaya akasimama mbele ya watu, akafungua kinywa.

Enyi mnaosikiliza, mtoto hana jina na pilau inapoa. Je, Hidaya amtaje nani?