Sufuria Isiyoonjwa

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura kumwamkia fisi, ni zamani hii hii ya mitungi ya gesi na watu kupiga picha chakula kabla ya kukila, palikuwa na mjane wa Kihindi mjini Tanga, jina lake Bi Hansa. Hoteli hakuwa nayo, mgahawa hakuwa nao. Alikuwa na jiko la nyumbani kwake, uani, na humo alifanya kazi ya kuozesha.

Msidhani aliozesha watu. Watu wa Tanga wana waozeshaji wa kutosha, na wavunja ndoa wa kuzidi. Bi Hansa aliozesha vyakula. Alichukua mchicha wa nazi akautia ndani ya sambusa. Alichukua ndizi mzuzu akaziposea mbegu za haradali. Alichukua maharage, haya haya yanayodharauliwa na kila mtu, akayamwagia samli ya moto yenye mvuje, utomvu ule wa harufu kali, yakainuka yakijiona maharage ya ukoo. Nusu Uhindini, nusu Uswahilini, na wenye harusi zao wakawa wanapanga foleni mlangoni.

Wanawake watatu walikwenda kujifunza kwake.

Wa kwanza aliitwa Mwanakombo. Huyu mume alimrudisha kwao kama mtu arudishavyo sufuria ya kuazima, hata kuisugua hakuisugua. Akawa anakaa kwa kaka yake, kwenye chumba cha nyuma, na wifi yake hakukosa asubuhi hata moja ya kumkumbusha. "Wifi yangu kipenzi," atasema, huku anafagia mpaka kwenye miguu ya mwenzie, "baada ya Idi chumba hiki tunaweka kuku wa mayai. Kuku nao wanahitaji kujisitiri." Mwanakombo akaelewa kwamba katika nyumba ya kaka yake kuku wana haki kuliko yeye, maana wao angalau wanataga.

Wa pili aliitwa Shamsa, mke wa mtu mwenye cheo, mwenye nyumba ya sebule mbili. Alikuja kujifunza kupika amevaa bangili mpaka kwenye kiwiko, na simu yake ilikuwa karibu na chungu kuliko mwiko.

Wa tatu aliitwa Namkunda, Mpare wa milimani, mwimba kwaya wa kanisani, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa mama lishe wa stendi mpaka kibanda chake kilipobomolewa kupisha barabara, nayo barabara mpaka leo inasubiriwa.

Bi Hansa aliwapa sheria siku ya kwanza. Kitunguu hakiingii. Kitunguu saumu hakiingii. Na kuonja, marufuku.

"Chakula cha jiko langu kinaanza kwa Mungu," alisema, akaonyesha kijikabati cha ibada ukutani, chenye maua na taa. "Kilichoonjwa ni makombo. Utampa Mungu makombo, wewe?"

Mwanakombo akashika kichwa. Yeye tangu akiwa msichana kiganja chake ndicho kilichokuwa sahani ya kuonjea mchuzi. "Sasa Mwalimu, chumvi nitaijuaje?"

"Kwa pua. Kwa jicho. Kwa mkono."

"Na ulimi?"

"Ulimi ukae ndani."

Basi wakajifunza. Siku Mwanakombo alipoona mvuje unatiwa kwenye dengu, alirudi nyuma hatua, maana kwao mvuje hufungwa mtoto mchanga mkononi ili shetani amkimbie. Alidhani mwalimu anapunga pepo jikoni. Lakini dengu zilipoiva na Mungu akapewa zake, Mwanakombo alikula mpaka akasahau shetani ni nani. Shamsa akajifunza kupanga majani ya mchuzi juu ya sahani yakakaa kama maua. Namkunda akajifunza kila kitu haraka isipokuwa kunyamaza.

Ikafika siku Bi Hansa akawaita. "Mabinti zangu, mwanangu wa Kanada ananiita. Jiko hili namwachia mmoja wenu. Masufuria, bati la viungo, wateja, na kile chumba cha uani cha kulala. Manjula anamposesha binti yake wiki hii, hapa hapa barazani kwangu, anataka kofta, madonge ya muhogo, kwenye mchuzi wa nazi. Mtapika nyote watatu, sufuria moja. Atakayeifanya sufuria hiyo isifiwe na Manjula, ufunguo ni wake."

Mwanakombo hakusikia masufuria wala wateja. Alisikia chumba. Akakiona hicho chumba na kitanda chake, na mlango unaofungwa kwa ndani, na wala hakuna kuku.

Huyo Bi Manjula sasa, mjue, alikuwa mwanamke ambaye hajasifu chakula tangu aote meno. Wanasema siku ya harusi yake mwenyewe aliurudisha wali.

Na Ramadhani ikawa imeingia. Hebu litazameni jiko hilo. Mwalimu haonji kwa dini yake. Mwanakombo na Shamsa hawaonji, wamefunga. Namkunda hakufunga, lakini naye haonji, amekatazwa. Jiko limejaa wapishi, halina ulimi.

Siku ya posa walianza asubuhi. Mwanakombo akakuna nazi na kukamua tui. Namkunda akatwanga mihogo ya kuchemsha, akaifinyanga kofta na kuzikaanga. Shamsa akakaanga viungo, na haki ya mtu mpeni, viungo vilinukia mpaka mpita njia akasimama na kusahau anakokwenda. Mchuzi ulipoanza kuchemka, Bi Hansa akasema, "Nakwenda kuoga na kubadili sari, nimtayarishie Mungu maua yake. Hapo mtatia chumvi." Akaondoka. Hakusema atie nani.

Shamsa akatia chumvi, bangili zikilia kama ngoma ya beni, kisha akaenda kabatini kutafuta kibakuli cha shaba. Mwanakombo akaingia na tui la pili mkononi, akaona mchuzi unachemka. Angeweza kuuliza. Lakini wa kuulizwa alikuwa Shamsa, na kumuuliza Shamsa jambo ilikuwa ni kumpa siku nzima ya kujibu. Akatia chumvi. Mkono wa Mwanakombo, tena, si wa uchoyo.

Shamsa akarudi na kibakuli chake cha shaba, akachota mchuzi na kofta nzuri nzuri, akazipamba, akakimbilia dirishani kwenye mwanga. Akaanza kukipiga picha. Kwa juu, kwa ubavu, kwa chini, utadhani kibakuli ndicho kinachoposwa.

Namkunda akiwa anasukuma chapati akauliza, "Chumvi katia nani?"

"Mimi," akasema Shamsa.

"Mimi," akasema Mwanakombo.

Mchuzi peke yake ndio ulioendelea kusema.

"Wewe si ulikuwa uani, dada?" Shamsa akang'aka.

"Na wewe si ulikuwa kwenye simu? Nijuaje kama siku hizi chumvi hutiwa kwa simu?"

"Pengine si nyingi."

"Pengine yako si nyingi. Yangu naijua."

"Nyie!" Namkunda akatupa mti wa kusukumia. "Mnataka kujua au mnataka kugombana?" Akachovya mwiko, akalamba. Macho yakamtoka. "Jamani! Bahari ya Raskazone ni maji ya kunywa!"

Mwanakombo akajishika kifua. "Namkunda! Umeifanya makombo!"

"Ilishakuwa sumu, dada yangu. Kuwa makombo imepanda cheo."

Mwanakombo akakiona chumba chake kile, na kuku wanaingia mmoja mmoja. Hakungoja. Akachota nusu ya mchuzi akaumwaga, akatia tui la pili lisilo na chumvi, akatumbukiza vipande vya muhogo mbichi vinyonye chumvi, akakamulia ukwaju, akatia dengu za kupondwa kuurudishia uzito. Akauinamia na kuunusa, akalitazama povu lake, akautazama unavyoteleza kwenye mwiko.

"Nionje tena nikwambie?" Namkunda akanong'ona, na mnong'ono wake ni wa kwaya, mtaa ulisikia.

"Wacha! Mara moja ni kosa. Mara mbili ni chakula cha mchana."

Alipotoa vile vipande vya muhogo, Bi Hansa huyo, nywele mbichi, sari nyeupe, mikono mbele. "Haya, nipeni ya Mungu."

Wakatazamana. Mwanakombo alijua: aseme kweli, sufuria nzima inamwagwa, na wageni wa Manjula tayari wanavua viatu barazani. Asiposema, Mungu wa mwalimu anapewa makombo.

Shamsa akageuka kutoka dirishani na kibakuli chake cha shaba. "Hii hapa, Mwalimu. Niliitoa mapema. Haijaguswa na ulimi wa mtu."

Nayo ilikuwa kweli tupu. Kweli tupu, na chumvi tele. Kibakuli kile kilichotwa baada ya chumvi mbili na kabla ya ulimi wa Namkunda. Mwanakombo akafungua kinywa, akakumbuka fundisho la siku ya kwanza, ulimi ukakaa ndani. Bi Hansa akapokea, akakiweka mbele ya taa, akasali. Kisha sufuria ikaenda kwa wageni.

Wageni wakala. Bi Manjula akaonja kofta, akatafuna kama hakimu anayesoma faili. Watu wakaacha kumeza. Akasema, "Si mbaya."

Mabwana! Mjomba wa mposaji karibu apaliwe. Kwa Manjula, "si mbaya" ni mizinga ishirini na moja. Kisha akafanya jambo ambalo halijasimuliwa Tanga nzima: akaomba tena. Akaondoka anasema, "Hansa, leo umepata mkono."

Wageni walipotawanyika, jua bado halijatua, Bi Hansa akaketi jikoni na kile kibakuli cha shaba, maana kilichokwishatolewa kwa Mungu huliwa na wa nyumbani kwa baraka. Akala kijiko kimoja. Akanyoosha mkono kwenye jagi la maji, akanywa, akanywa, akalikausha jagi.

"Manjula amekula hii," akasema polepole, "akaomba tena?"

Akakisogeza kibakuli mbele yao.

"Sufuria moja haiwi na chumvi mbili. Nataka kujua Mungu amekula nini na wageni wamekula nini."

Basi wakasema. Namkunda ndiye aliyeanza, maana hakuna aliyewahi kumtangulia kusema. "Mwalimu, nimeonja. Sheria nimeivunja, na nisingeivunja, Manjula angekuwa sasa hivi anatangaza jina lako sokoni. Hawa wawili walitia chumvi, wakabaki wanaringiana juu yake. Ulimi wangu ndio ulioona. Mtu hutibu ugonjwa asioujua? Ufunguo wangu."

"Wako!" Shamsa akacheka. "Umewalisha watu mate yako, halafu udai ufunguo? Mwalimu, mimi ndiye niliyelinda sheria yako. Kama si kibakuli changu, leo ungeweka makombo mbele ya Mungu wako, ama ungemwaga chakula chote na posa ivunjike. Watu walikuwa wakinicheka na picha zangu. Leo picha hizo zimefunika aibu ya nani?"

"Ulikuwa unakilinda kibakuli au unakitafutia mwanga?" Mwanakombo hakuweza tena. "Tena ulijua ni chumvi tupu, ukampa! Mwalimu, Manjula amesifu mchuzi. Mchuzi huo ulikufa, na mkono ulioufufua ni huu. Nimeurudisha bila kuonja, nimefunga na sheria yako naijua. Ulisema atakayeifanya sufuria isifiwe. Nani kaifanya?"

"Na nani kaiua?" akauliza Namkunda. "Chumvi ya Shamsa peke yake ilikuwa inatosha. Ya pili ilitoka mkono gani, kama si huo unaofufua?"

"Ungeuliza tu, dada," Shamsa akaongeza, mtamu kama halua. "Kuuliza hakufunguzi saumu."

Mwanakombo akainamisha uso. Akasema tu, chini chini, "Wewe una sebule mbili. Hizo si zinatosha?"

"Sikujua tunagawa sadaka," akasema Shamsa. "Nilidhani tunapima mapishi."

Bi Hansa akawatazama mmoja mmoja. Aliyeonja aliiona hatari, lakini aligeuza chakula cha wageni makombo bila wao kujua. Aliyetoa kibakuli alitunza usafi wa ibada, lakini alimpa Mungu chumvi akijua, na ndiye aliyetia bila kumwambia mtu. Aliyetengeneza aliupata utamu ule ule uliomshinda Manjula, lakini kosa alilolirekebisha, nusu yake ilikuwa ya mkono wake, na mwalimu aliponyoosha mikono alinyamaza pamoja na wenzake. Akautoa ufunguo kiunoni, akauweka katikati ya meza, karibu na jagi tupu. Safari yake ilikuwa imekwishakatiwa tiketi, na ufunguo wa Tanga haufungui mlango wa Kanada.

Sasa nyinyi mnaojua kuhukumu sufuria za wenzenu hata msizozinusa, semeni. Na msiniambie wagawane, kwani wapishi wengi na sufuria moja mmeshaona mwisho wake. Mpaka hapa mkono wa Bi Hansa umeshauachia ufunguo, na mikono mitatu inaunyemelea. Ungekuwa wako kuutoa, ungeutia kwenye kiganja cha nani: cha ulimi uliovunja sheria ukaona, cha kibakuli kilichotunza sheria kikaficha, au cha mkono ulioharibu ukatengeneza?