Tovuti ya Sultani Shangama na Mlango wa Bi Mize

Hapo zamani, masultani wangali wakikaa juu ya viti vya enzi na kompyuta zimekwisha kuingia mjini, palikuwa na mji uitwao Pwakuu, na mtawala wake alikuwa Sultani Shangama. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mvivu wa masikio tu, na kwa mtawala mambo hayo mawili hayaachani sana.

Desturi ya Pwakuu tangu enzi ya babu zake ilikuwa kwamba kila Alhamisi mwenye shida husimama mlangoni pa baraza, hupiga hodi, naye Sultani humwitikia na kumsikiliza. Hodi zilikuwa tatu, na hodi ya tatu isiyoitikiwa ilikuwa aibu kwa mwenye nyumba, awe mvuvi au mfalme. Basi Sultani akachoka na hodi. Waziri wake, Mudathiri, alipoliona hilo, akamwendea akanena:

"Bwana wangu, siku hizi watawala hawapigiwi hodi. Wana tovuti. Mwenye shida huiandika huko, nawe huisoma upendapo, kahawa yako mkononi."

"Basi ijengwe," akasema Sultani.

"Itajengwa, bwana wangu. Ila tovuti haianzi kujengwa hivi hivi kama banda la kuku. Husanifiwa kwanza, ukafanywa mfano wake, nao mfano hutaka zana, na zana ni nyingi mno. Hatuna budi kuchagua iliyo bora kuliko zote. Na madhali tunachagua, mlango wa baraza na ufungwe."

Sultani akaridhia. Wakaletwa mabingwa saba, na mkubwa wao aliitwa Ustadhi Haikali, mtu mwenye miwani machoni na miwani nyingine utosini. Wakaketi wakapima. Programu hii huchora kitufe chenye kivuli chini yake, lakini kivuli cha ile ni laini zaidi. Hii yaruhusu watu kumi kuchora ukurasa mmoja kwa pamoja, ile yaruhusu ishirini, wala hakuna aliyeuliza watu ishirini watachora nini. Wiki tatu nzima walibishana kama pembe za vitufe ziwe kali au ziwe za mviringo. Ikawa kila wakikaribia kuchagua, hutokea programu mpya, nao huanza tena kwa furaha, kama watu walioalikwa harusi ya pili siku moja. Miaka miwili ikapita hivyo. Orodha yao ikafika programu arubaini na moja na kurasa mia tatu, na tovuti yenyewe haikuwa na hata neno moja la kumkaribisha mtu.

Sasa, katika mji huo alikuwako fukara jina lake Masudi, mwandika vibao vya maduka. Watu walimwita Chechele, kwa kuwa akishika brashi husahau kula, husahau viatu, na siku moja alitundika kibao cha kinyozi juu ya mlango wa muuza nyama. Lakini herufi zake zilisomeka toka mwisho wa mtaa, na kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Hasira zake zilikuwa za karibu, na ulimi wake haukujua kuzunguka.

Chechele aliishi na mama yake, Bi Mize, kikongwe asiyeweza kupanda ngazi. Na miezi kumi na minne nyuma Waziri Mudathiri alikuwa amepanua ghala lake, akajenga ukuta ukaziba kichochoro, ukasimama shubiri moja mbele ya mlango wa Bi Mize. Ukifungua mlango, uso wako wakutana na mawe. Tangu siku ile Chechele aliingia na kutoka kwa paa la jirani, kikapu cha chakula mgongoni, na mama yake hakuona jua ila lile la dirisha dogo la juu. Kila Alhamisi alikwenda barazani, na kila Alhamisi askari wa mlangoni walimwambia, "Subiri tovuti."

Hata Alhamisi moja subira ikamwishia. Akawapita askari, nao wamemshika kanzu, akaingia nao mpaka mbele ya kiti cha enzi.

"Nani huyu?" akauliza Sultani.

"Mwandika vibao, bwana wangu," akasema Waziri upesi. "Ana wazimu kidogo."

"Nina shida, bwana wangu," akasema Chechele.

"Shida hupelekwa kwenye tovuti."

"Iko wapi?"

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akamtazama Ustadhi Haikali, na Ustadhi akashusha miwani ya utosini. "Tungali katika uteuzi wa zana," akasema. "Jambo hili wewe huwezi kulifahamu."

"Nalifahamu sana," akasema Chechele. "Mimi nikipewa kibao huuliza kwanza: duka la nini, na msomaji atasimama wapi? Brashi huja baadaye, na ikikosekana huandika kwa kidole. Ninyi miaka miwili mwatafuta brashi, na duka hamlijui. Mmepata kumwuliza mtu mmoja tu mwenye shida, huyo atakayeitumia hiyo tovuti?"

Ustadhi akatabasamu. "Watu hawajui wanalolitaka, ndugu yangu."

"Mimi najua. Nataka kutoka nyumbani kwangu kwa..."

"Bwana wangu," Waziri akamkata, "mtu huyu amewatukana mabingwa wako mbele yako. Kama zana zote arubaini na moja ni upuuzi, basi yeye na atuonyeshe." Akainama akamnong'oneza Sultani sikioni, naye Sultani, aliyekuwa akipenda mchezo kuliko kazi, akacheka akanena:

"Vema. Ewe mwandika vibao, Alhamisi ijayo utaniletea mfano wa tovuti ya baraza. Nibofye kitufe, ukurasa ufunguke, nitoke huu niingie ule. Lakini usitumie zana iliyomo katika orodha ya mabingwa, kwa kuwa umezidharau. Wala usitumie zana iliyo nje ya orodha, kwa kuwa Waziri wangu amekwisha kuweka sheria: kisichopitia kwenye orodha hakiingii barazani. Ukiweza, nitaisikiliza shida yako papa hapa, kwa masikio yangu. Usipoweza, utatoka katika mji huu wala hutarudi."

Waziri akampa Chechele nakala ya orodha kwa mkono wake, asije akasema hakujua. Chechele akaipokea kwa mikono miwili. Akiwa njiani akafikiri, nikifukuzwa, nani atapanda paa na kikapu?

Akafika, akapanda, akashuka kwa mama yake, akaitupa orodha sakafuni pu, vumbi likaruka.

"Umeleta tofali?" akauliza Bi Mize.

"Ni orodha, mama. Ya vitu nisivyoruhusiwa kutumia." Akamweleza yote, sauti ikipanda, mpaka jirani akagonga ukuta wake.

Bi Mize hakujua kusoma. Akaiinua orodha kwa shida, akaipima uzito, akaiweka chini. "Na yenyewe imo humo?"

"Yenyewe nini?"

"Hiyo orodha. Imeandikwa humo kwamba usiitumie?"

Chechele akaiokota orodha. Akaketi akaisoma yote, ukurasa baada ya ukurasa, mchana kutwa na siku ya pili yake. Zilikuwamo programu za kuchorea, za kupakia rangi, za kuunganishia kurasa, za kuhesabia vitufe. Orodha yenyewe haikuwamo. Wala huwezi kusema iko nje, kwani ingewezaje kuwa nje ya yenyewe? Akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, kisha akaanza kazi.

Hakushika brashi wala mkasi. Alizinyofoa kurasa, akazikunja kwa vidole, akachana kwa kucha vijidirisha vinavyofunguka. Akang'oa herufi kubwa katika vichwa vya sura, moja moja, akazichomeka kwenye nyufa za karatasi zikafanya maneno. Alipomaliza akampa mama yake ajaribu.

"Mama, hii ndiyo tovuti. Hapa ni kitufe. Unakibofya, yaani unakibonyeza kwa kidole, ukurasa unafunguka."

Bi Mize akaupapasa ukurasa wa kwanza juu mpaka chini. "Mbona sioni pa kupiga hodi?"

"Ah, mama, tovuti haina hodi."

"Basi mimi siingii. Nitaingiaje nyumba ya watu kama mwizi?"

Chechele akakunja uso, kwa maana alikuwa amejivunia kazi yake. Kisha akauchana ukurasa ule wote, akaufanya upya, na cha kwanza kilichokaa juu yake kikawa kitufe kimoja kikubwa: HODI. Bi Mize akabofya. Chechele, aliyejificha nyuma ya karatasi, akaitikia, "Karibu." Kikongwe akacheka kama msichana, akabofya tena na tena, ikawa siku nzima hapana kazi nyingine nyumbani mle ila kubofya.

Hata Alhamisi ikawadia. Baraza likajaa. Chechele akaingia na furushi, akalikunjua, akazisimamisha kurasa zake kama pazia, naye akakaa nyuma yake asionekane.

"Amevunja amri," akasema Waziri. "Hiyo ni karatasi, na karatasi haimo katika orodha."

"Hii si karatasi tu, bwana Waziri," ikasema sauti nyuma ya pazia. "Hii ndiyo orodha yenyewe, uliyonipa kwa mkono wako. Nimeitafuta ndani yake kurasa zote mia tatu, sikuiona, kwa hiyo si zana iliyomo. Nikatazama kama yaweza kuwa nje ya yenyewe, nikaona haiwezi. Ustadhi yuko hapo. Na aseme ni ndani au nje."

Ustadhi Haikali akapandisha miwani, akashusha miwani, akasema jambo hilo lahitaji kikao.

"Na kucha zake je?" akasema Waziri. "Na mdomo wake?"

"Hizo si zana," ikasema sauti. "Zingekuwa zana, mngekwisha kuziundia kamati."

Watu wakacheka. Sultani naye akacheka, akashuka kitini, akaja akabofya HODI.

"Karibu," ukasema ukurasa. Kijidirisha kikafunguka, na nyuma yake pakawa na kitufe kingine: SHIDA. Sultani akabofya, kwa kuwa mchezo umekwisha kumnogea.

"Kikongwe mmoja wa mji huu," ukasema ukurasa, "mlango wake umezibwa kwa ukuta. Mwezi huu ni wa kumi na minne. Chakula hupitishwa juu ya paa. Jirani yake mpendwa alipofariki, hakwenda kumzika. Alisikia kilio dirishani."

Kicheko kikakatika barazani. Sultani akatafuta pa kubofya. Kilibaki kitufe kimoja, chini kabisa, kimeandikwa JIBU. Akakibofya. Ukurasa haukusema neno. Akabofya mara ya pili, kimya. Akabofya mara ya tatu kwa nguvu, karatasi ikatoboka, kidole cha Sultani kikatokea upande wa pili, mbele ya pua ya Chechele.

"Imeharibika," akasema Sultani.

"Haikuharibika, bwana wangu." Chechele akatoka nyuma ya pazia. "Hodi nimeitikia mimi, shida nimeisema mimi. Nyuma ya kitufe hiki hakai mwandika vibao, wala hakai Ustadhi. Hukaa wewe. Programu zote arubaini na moja zikifika hapa husimama zikungoje. Nawe leo umejipigia hodi tatu, na mwenye nyumba hakuitikia."

Sultani akalitazama lile tundu alilolitoboa kwa kidole chake mwenyewe. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ukuta ni wa nani?"

"Wa huyo aliye kuliani kwako. Mtu huyu alikushauri ufunge mlango wa baraza mpaka zana ichaguliwe. Usishangae kwamba haikuchaguliwa."

Waziri akaanza kusema kwamba ghala lile lina faida kwa dola. Sultani hakumngoja amalize. Akatoka barazani kwa miguu, watu nyuma yake, mpaka kichochoroni, akauona ukuta, akapenyeza mkono katika ile shubiri moja akaugusa mlango. Akaamuru ukuta ubomolewe saa ile ile, na wabomoaji wawe Waziri Mudathiri na mabingwa saba. Ustadhi Haikali akauliza watatumia zana gani. Sultani akamtazama, naye akainama akaokota jiwe.

Wakabomoa mpaka alasiri, mikono ikawatoka malengelenge. Jua likaingia kichochoroni, likaufikia mlango. Sultani akasogea, akarekebisha kilemba, akasema, "Hodi."

Ndani kimya. Chechele alikuwa amesimama kando, wala hakumsaidia.

"Hodi," akasema Sultani mara ya pili, na watu wakaona jasho likimshuka shavuni, maana ilibaki moja.

"Hodi."

"Nani?" ikauliza sauti ya kikongwe.

"Shangama."

"Shangama yupi? Huyo wa tovuti?"

"Ndiye mimi, mama."

Bi Mize akasikika akiondoa komeo.

"Basi bofya hapo," akasema.

Kichochoro kizima kikaangua kicheko, na Sultani Shangama, uso umemwiva kwa aibu, akainua kidole akabonyeza mlango, nao ukafunguka. Toka siku hiyo baraza la Pwakuu likarudi kuwa na hodi kila Alhamisi. Tovuti nayo ilikuja kujengwa, kwa programu ya kwanza iliyopatikana, na haikuwachukua hata mwezi. Hekaya yangu nimeifikisha mlangoni. Anayetaka kuingia na apige hodi.