Nusu Kidonge cha Subilaga

"Kontena la kuvunjwa halitunzi amana." Methali hiyo mmeisikia leo kwa Tusekile, na nyote mkanigeukia kana kwamba nimeitunga. Sikuitunga, wanangu. Niliisababisha. Sogeeni niwaambie ilikoanzia, na msinikatize, maana nikikatizwa sitaimaliza.

Kontena, kwa nyie mlioingia juzi, ni chumba unachojenga ndani ya kompyuta yako ili programu ikae humo na mahitaji yake yote. Ukikizima na kukiwasha, vitu vyako unavikuta. Ukikivunja na kusimamisha kingine, unapata vile tu vilivyokuwamo siku ya kwanza. Hapa ofisini Mbeya tulikuwa na desturi ya kuvunja makontena yote kila Jumatatu kabla ya chai, kompyuta zisijae. Tuliita kufagia.

Tusekile wakati huo alikuwa mgeni kama nyie. Alikuwa anajenga mfumo wa dozi za wagonjwa wa kifafa, na mfumo wenyewe ulikuwa bado kwenye kompyuta yake tu. Lakini zahanati moja ya milimani ilishaanza kuutegemea. Muuguzi anapiga simu, Tusekile anaingiza, karatasi inachapwa, dereva anaipandisha pamoja na dawa. Ndivyo tulivyo watu wa kazi hii: kitu kiko kwenye majaribio, na tayari kuna mtu roho yake iko humo.

Miezi miwili hakufagia. Alizima, akawasha, akakuta kila kitu, akaamini lile ni kabati.

Jumatatu moja alimpeleka mwanawe kliniki. Kompyuta yake ilikuwa imejaa hadi inakwama, nami nikamfagilia. Nilijiona mtu mwema kweli. Kontena jipya likasimama, nikafungua, majina yote yapo, safi. Dereva alikuwa ananisubiri chini, nikachapa orodha nikampa, akaondoka.

Tusekile alirudi saa sita. Akachukua nakala iliyobaki mezani, akaisoma, kidole kikasimama kwenye jina moja.

"Kaka Lwitiko, mbona Subilaga ameandikiwa vidonge viwili?"

"Si ndiyo dozi yake?"

"Ilikuwa. Mtoto alilala kutwa nzima haamshiki. Daktari akashusha hadi nusu, nami nikaingiza Ijumaa." Akaniangalia. "Umefagia?"

Majina niliyoyaona yalikuwa yale tuliyojengea kontena, ya miezi miwili nyuma. Lingesimama tupu ningeshtuka. Lilisimama limejaa, nikaridhika.

"Uliunganisha folda ya nje?" nikamuuliza.

"Folda gani, kaka?"

Hakuna aliyemwambia kwamba data inayobadilika huwekwa kwenye folda iliyo nje ya kontena, ili kontena likivunjwa yenyewe ibaki. Na aliyepaswa kumfundisha ni mimi.

Tukampigia dereva, hapatikani. Tukampigia muuguzi, hapatikani. Tangu azidiwe na dawa, Subilaga alikuwa analetwa zahanati kila siku saa nane anyweshwe mbele ya muuguzi. Tukaingia kwenye gari langu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni utelezi mtupu, na mara mbili tulishuka kusukuma. Niliogopa, nasema wazi. Saa nane ilitukuta bado tunapanda.

Tulipofika, mama mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Mapajani alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitano hivi, amefungwa kitenge, macho yamefumbwa. Tusekile alimjua kwa kuwa aliwahi kufika pale. Akasema, "Ni yeye." Mimi sikuweza kutoka kwenye gari.

Akakimbia, akamgusa shavu. Akamgusa tena. Mtoto akafumbua macho, akakunja uso kwa kuamshwa bure, akamgeukia mama yake.

Muuguzi, Bi Anyambilile, akatoka na karatasi yetu mkononi.

"Mmenitia hofu leo," alisema. "Karatasi yenu inasema viwili. Mlango wa kabati langu unasema nusu, niliandika kwa chaki siku daktari aliponiambia. Nikaamini mlango, nikampa nusu."

"Tulivunja kontena, mama," Tusekile akasema. "Dozi mpya ilikuwa humo."

"Kumbe hicho kitu huwa mnakivunja?"

"Kila Jumatatu."

"Sasa amana ya watu mnaiwekaje kwenye kitu cha kuvunjwa?"

Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kuelewa. Ningepumua kidogo kama angenigombeza.

Wakati wa kurudi, Tusekile akayasema yale maneno mliyoyasikia leo, mara moja tu, akiwa ameangalia dirishani. Kesho yake kila mmoja ofisini aliunganisha folda ya nje kabla hajagusa kitu kingine, na maneno yakabaki.

Subilaga sasa yuko sekondari. Mimi mpaka leo, kabla sijafagia kompyuta ya mtu, namwita kwanza anionyeshe vitu vyake vinakaa wapi. Mnanicheka kwa hilo, najua. Chekeni tu. Lakini nilimwona yule mtoto amefumba macho, na najua kwamba kontena la kuvunjwa halitunzi amana.