Maua Yaliyokosa Cheti

Mtu mmoja alikuwa na duka la mapambo ya arusi na misiba, jina lake Gadieli, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na miwili. Usharika wake ulipomaliza kujenga kanisa jipya, ulimkabidhi kazi ya kuleta maua ya siku ya kuliweka wakfu. Gadieli alisimama mbele ya watu akaahidi maua halisi kutoka ng'ambo, ya aina ambayo hawajapata kuiona. Watu walimpigia makofi. Nadhani makofi yale ndiyo yaliyomharibu.

Maua halisi ya namna hiyo huja kwa ndege, nayo hayamsubiri mtu. Gadieli aliagiza ya kitambaa na plastiki, mazuri sana, yapakiwe melini. Na kwa kuwa alijua wenzake wangetaka kuziona karatasi, alimwomba muuzaji aandike humo kwamba ni maua halisi. Alianza kwa kuudanganya usharika, kisha ikambidi aidanganye na forodha. Uongo haupendi kutembea peke yake.

Maboksi sita yalipofika bandarini, alikwenda kuyachukua pamoja na wazee wenzake wawili, Mama Eliwaza na Bwana Mshana. Ofisa wa forodha, Bi. Mwanakombo, alisoma karatasi akayaweka maboksi katika fungu la mimea. Forodha ina fungu la kila kitu, na maua ya shambani hayawekwi pamoja na ya kiwandani. Ya shambani yanadaiwa cheti cha afya ya mimea, wadudu wa ugenini wasije wakatumaliza. Yasipokuwa na cheti, boksi halifunguliwi, linachomwa lilivyo. Gadieli hakuwa na cheti. Nani angethibitisha afya ya plastiki?

Bi. Mwanakombo alikuwa ameizoea kazi yake. Aliona kwamba mzigo ulikaa baharini siku thelathini na nne, akaelewa kuwa hayawezi kuwa maua ya shambani. Hakutaka kumwaibisha mtu mzima mbele ya wenzake, kwa hiyo alimwita ndani peke yake, akafunga mlango, akamsogezea fomu ya masahihisho pamoja na kalamu.

“Mzee wangu,” alisema, “kama maua haya yametengenezwa na watu, andika hivyo hapa, uyachukue leo. Kosa la karatasi linarekebishika.”

Gadieli alishika kalamu. Dirishani aliwaona wenzake wameketi kwenye benchi. Mama Eliwaza alikuwa amelowesha kanga mbili, ameziweka mapajani, za kuyafunika maua yasinyauke njiani. Gadieli aliona aibu kubwa, lakini aibu ile haikumsukuma kuandika. Aliirudisha kalamu mezani, akasema maua ni halisi, na kama sheria ni kuyachoma, basi yachomwe.

Wafanyakazi wa forodha wakayapeleka maboksi nyuma ya ghala, kwenye shimo la kuchomea. Mwenye mzigo hutakiwa kushuhudia, na wenzake wakasimama naye. Bwana Mshana alimshika bega akampa pole. Gadieli akaipokea pole ile, hata machozi yakamtoka kidogo, na sijui alikuwa akililia nini.

Moto ukashika. Makaratasi ya maboksi yakaisha mara moja, na kilichokuwa ndani kikaonekana. Hakikuwa majivu. Kilikuwa kinayeyuka na kudondoka, kikitoa moshi mweusi wenye harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko. Baada ya robo saa zilibaki nyaya tupu, mamia kwa mamia, zimesimama katika makaa, kila moja palipokuwa na ua. Mama Eliwaza alizitazama nyaya, akamtazama Gadieli, kisha akaenda kukaa garini.

Basi ninawauliza, wapendwa: mtu aliyefungiwa mlango ili aseme ukweli bila kuaibika, akakataa, atamlaumu nani ukweli huo ukisemwa na moto?