Nyamvula na Mapipa ya Baruti

Alikuwapo mama mmoja, jina lake Nyamvula, ambaye tembo walikuwa wakiyamaliza mashamba ya kijiji chake. Wawindaji walimtuma mjini akanunue baruti nyingi kwa Salmini, tajiri aliyesifika kwa kuuza masizi akiyaita baruti.

"Mapipa yote ni mazuri," Salmini alisema, "na bei haipungui."

"Mimi baruti siijui, bwana," alijibu Nyamvula. "Hata uji huniungulia. Niache nikae kidogo, magoti yamechoka kuubeba ujinga huu wote."

Akaketi kando ya pipa la kwanza, akalifunua, akatoa kiko chake na kukiinamisha juu yake akikivuta. Salmini alimtazama tu huku akichokoa meno. Nyamvula alipohamia kwenye pipa la pili, Salmini akapiga miayo. Kwenye la tatu aliruka mpaka barabarani.

"Utatuua, mama! Toka!"

"Magoti hayataki, bwana. Labda nihamie kwenye yale ya ukutani?"

"Hayo usiyaguse kabisa! Yachukue pamoja na hilo kwa nusu bei, uende zako!"

Nyamvula akaweka malipo kizingitini, akawaita wapagazi wake, wakayabeba mapipa yote yaliyomtisha Salmini. Yale mawili ya mwanzo wakayaacha.

Salmini akasogea, akachungulia ndani ya kiko.

"Mbona hakina moto?"

"Moto, bwana?" Nyamvula alisema. "Nimeshindwa kukiwasha tangu jana. Mimi si nilikwambia ni mjinga?"